Bilauri ya Pete Nne

Dada Konsolata, uliye ng'ambo ya mpaka,

Tangu uliporudi Burundi na bilauri ya baba ndani ya kitenge chako, hatujasemezana. Hukuomba, ulichukua. Bado linaniuma, na nimeanza nalo ili lisinikwame kooni huko mbele.

Unakumbuka jioni za kambi ya wakimbizi? Mama anapoza uji kioo kisipasuke, baba anaijaza ile bilauri ndefu aliyopewa na Mzungu alipokuwa mpishi wake Bujumbura. Ilizungukwa na pete nne za kioo, nasi tulikuwa watoto wanne. Unakunywa mpaka pete yako, unampa mwenzako. Baba alisema Wajerumani wa kale walikunywa bia hivyohivyo, bilauri moja meza nzima. Kabla ya hapo walitumia pembe na vikombe vya mti. Walikuwa pia na bilauri za kitako cha mviringo kama yai, huziweki chini mpaka uzimalize, na nyingine zenye vinundu ili mkono wenye mafuta usiteleze.

"Kumbe nao walikula kwa mikono!" ukacheka.

"Na aliyepitiliza pete?" nikauliza.

"Aliadhibiwa," baba akasema. "Anywe tena mpaka pete inayofuata."

"Basi leo mimi nakosea!" ukadakia, na mama akacheka mpaka akakaa chini.

Wewe ulikuwa wa kwanza, mimi wa mwisho. Pete ziliachana sawasawa, lakini bilauri ilikuwa nyembamba kuelekea chini, kwa hiyo fungu langu lilikuwa dogo. Nilikuonyesha. Ukanijibu, "We mtoto, kila kitu hesabu! Uji mzito hukaa chini, shukuru." Hesabu hizohizo zimenijengea duka la vyombo hapa Mwandiga, bila kushikwa mkono na mtu. Nauza glasi za kila namna. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza ya kunywea watu wanne.

Sasa sikiliza. Binti yangu anaolewa kijijini Simbo baada ya mavuno. Kwetu binti hatolewi nyumbani bila shangazi, na sisi wengine wote ni wanaume. Wakwe wameshauliza nani atamtoa. Nilitaka kumweka jirani, binti akakataa: "Baba, ugomvi ni wenu. Mimi namtaka shangazi yangu."

Bilauri baki nayo. Hata kama imevunjika, hilo lisikuzuie. Wakwe nimekwisha kuwaambia kwamba unakuja. Usinifanye mwongo mbele yao.

Ni mimi mdogo wako, kitindamimba.