Amplifaya ya Baba Inatekenya, Mume Wangu Anasema Imepona

Shangazi Grasiana, shikamoo. Nakuandikia naomba unishauri kabla mambo hayajaharibika, maana siku hizi nikisinzia naamka na jasho.

Mimi ni mke wa fundi redio hapa Kilole, mume wangu nimwite Hashim, mtu mwema, sina la kumlaumu isipokuwa hili, na baba yangu mzazi yuko Sindeni, analima, ila ujanani alipiga gitaa la dansi na mpaka leo ana amplifaya yake ya kizamani, zile za valvu, zenye vioo vinavyowaka vyekundu ndani, anaipenda kuliko mbuzi wake wote. Ikaanza kuvuma vuuu na kuunguza fyuzi, baba akaileta kwa mkwewe, na Hashim, Shangazi, hajawahi kufungua ya valvu maishani mwake, lakini mbele ya mkwe angesemaje hajui, akasema, "Hii ndogo tu, mzee." Akaweka fyuzi ikaungua, akaweka nyingine ikaungua, mwisho akakunja waya wa shaba akauchomeka pale pa fyuzi, na kwa kuwa bado ilivuma akaukata ule waya wa kijani wa ethi kwenye plagi, mvumo ukapungua, baba akaja kuijaribu, akafurahi, akasema tu nyuzi za gitaa zinamtekenya vidole, akacheka, "Labda uzee, mwanangu."

Mimi sikucheka. Baba aliiacha kwetu pamoja na gitaa lake, na Hashim alipokwenda kuswali niliiwasha amplifaya, nikachukua testa yake ya kupimia umeme nikagusa nyuzi za gitaa, testa ikawaka. Nilipomwambia akanijibu, "Leo wewe ndiye wa kunifundisha kazi? Ukinivunjia heshima kwa wakwe, ujue umeivunja hii nyumba." Na mwezi ujao mdogo wangu Zamda anaolewa, baba ameapa atampigia mwanawe gitaa yeye mwenyewe, tena uwanjani, na uwanja wetu lazima umwagiwe maji vumbi litulie, na baba akipiga gitaa huvua viatu, ndiyo tabia yake tangu nipate akili. Nikisema namvua nguo mume wangu, nikinyamaza naogopa nitamzika baba. Nifanyeje, Shangazi?

Mwenye hofu, Kilole

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Sasa futa machozi unisikilize, maana nina hasira na ninyi wawili.

Umegusa nyuzi kwa testa, umeona taa kwa macho yako, halafu ukakaa kuniandikia mimi barua? Nimemuuliza fundi ninayemwamini, akashika kichwa. Fyuzi inayoungua kila mara inakwambia ndani kuna ugonjwa, na kuweka waya wa shaba ni kumziba mgonjwa mdomo asilalamike. Ethi nayo ndiyo njia ya umeme uliopotea kwenda ardhini. Ukiikata, umeme utatafuta njia nyingine, na njia yenyewe ni baba yako, peku, juu ya udongo uliolowa. Kule kutekenywa si uzee hata kidogo!

Mumeo si muuaji. Ni mwanaume aliyeona haya mbele ya mkwe, na wengi wangefanya hivyo hivyo. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii atakayeumbuliwa si yeye aliyeficha. Muulize kwa upole, mkiwa wawili tu: "Utavua viatu uipige wewe kwanza?" Usimwache ajaribu, mtazame uso tu.

Leo hii, amplifaya ikiwa imechomolewa, ikate plagi uifunge kwenye pindo la kanga yako. Msiifungue tena, maana za valvu hubaki na umeme ndani hata zikichomolewa, na umeme huo unaua. Kisha Hashim amtafute mshenga wake, yule aliyemsemea alipokuja kukuoa, waende Sindeni pamoja. Aseme, "Mzee, hii imenizidi, tuipeleke kwa fundi wa valvu." Maneno hayo hayajawahi kumuua mtu, na baba yako akiwa muungwana atamheshimu zaidi. Harusini baba yako aazime gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, Zamda atacheza vilevile.

Hashim akikataa, usibishane naye. Panda gari uende kwa baba yako, umweleze yote, na useme ni wewe uliyekata plagi. Mumeo atanuna, tena atanuna sana. Ndoa ikitetereka wazee watakaa kikao waisuluhishe. Baba yako akianguka pale uwanjani wazee watakaa pia, ila watakuwa wamekaa matanga.