Maikrofoni Mazishini

Jumamosi.

"Huyu hajawahi kutusaidia kuzika." Ndivyo mpinzani wangu wa kisiasa, mwenye hoteli ya wageni hapa mlimani Mbooni, alivyosema leo akininyooshea kidole kwenye mazishi ya Mzee Nzioka. Uongo. Nguo zangu zilikuwa bado na udongo wa kaburi nililosaidia kuchimba asubuhi.

Akaanza kuahidi lami mpaka hotelini kwake. Mjane akamkatiza: "Mheshimiwa, keti. Mume wangu hapigi kura tena."

Watu walicheka. Pasta akaninyooshea mimi maikrofoni. Nilikataa kwa mdomo, lakini mkono ulikuwa umeshatangulia kuipokea. Bila kuongea mazishini, nitashindwa kiti cha MCA, mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, najua hivyo.

Hata hivyo, wachungaji wa wadi hii, nawaomba: maikrofoni ibaki kwa wenye msiba. Hata nikiomba mimi, ninyimeni.