Mpira wa Mninga

Ta Laurenti,

Shikamoo, mzee wangu. Lakini usiitikie sasa. Soma kwanza mpaka mwisho, ndipo uamue kama mtu kama mimi anastahili marahaba yako.

Tangu meli ikuvushe kwenda kuzikwa kwenu Bukoba, ukumbi wetu wa wafanyakazi hapa Nyakato uko vilevile. Meza ya biliadi bado inainamia upande wa dirisha. Kitambaa kimepata kiraka cha tatu, cha blanketi kuukuu. Chaki ya fimbo ni ileile tunayoomba kwa walimu, na mipira imelika mpaka tunabishana upi mwekundu na upi wa kahawia. Ungekuwepo ungecheka, ukasema lile neno lako: "Meza mbovu inamfundisha mtu adabu."

Jumamosi kapteni mpya alikosa mpira mweusi ulio jirani kabisa na shimo. Watu wakamhurumia. Mipira imechoka, wakasema, nchi nzima haina vifaa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Maana ulipokosa wewe, siku ile tulipocheza na wageni kutoka Bukoba, hakuna aliyelaumu mipira. Walisema Mhaya amewaachia wa kwao.

Sasa nakuambia, Ta, mimi Masanja, seremala wa kiwanda na mtunza meza uliyemwamini. Siku mbili kabla ya mchezo ule nilikuwa napangusa mipira, mweupe, ule wa kupigia mingine, ukaniponyoka. Ulikuwa na ufa tangu zamani. Sakafu ya saruji ikaumaliza, vipande viwili. Mali ya umma! Niliogopa kuitwa mhujumu. Na madukani hata sabuni hakuna, sembuse mpira wa biliadi. Nikaingia karakana, nikakereza mpira wa mninga, nikaupiga msasa, nikaupaka rangi nyeupe ya mafuta. Hata nilijisifu moyoni, mjinga mimi.

Ulikuwa mwepesi mno, ukipigwa taratibu hausukumi wenzake. Wageni walipiga kwa nguvu, hawakuona tofauti. Wewe mchezo wako ulikuwa wa kubembeleza. Mpira mweusi wa mwisho uliupiga taratibu, kama ulivyotufundisha sote, ukafika mdomoni mwa shimo ukasimama. Minong'ono ikaanza ukumbini.

Kikao kilipokuvua ukapteni nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Ulijibu neno moja tu: "Sikuuza." Nilikuwa na ulimi, Ta. Nilikuwa na ulimi, nikautafuna. Kuanzia hapo ulikula ndizi zako peke yako nyuma ya ghala, nami nilizunguka njia nyingine nisikutane na macho yako.

Na hili ndilo linalonitesa. Kikao kilipokwisha ulinirudishia fimbo, ukanishika bega, ukasema kwa sauti ya chini: "Masanja, siku nyingine rangi iache ikauke." Ulijua! Rangi ilikuwa imekupaka vidole, ukajua, ukanificha. Neno moja lako lingekusafisha, na mimi ningefukuzwa kazi. Umenificha mpaka umekufa. Bandarini tulikusindikiza watu wanne, wengine wote walisema hawana nafasi.

Nina aibu, Ta Laurenti. Hata mikono yangu hii naona aibu kuitazama.

Mpira ule bado unachezewa. Jumamosi ijayo, wote wakiwa wamekaa, nitauweka mezani niupasue kwa msumeno, waone mninga ndani. Kisha waniite watakavyo. Nusu moja itabaki ukumbini. Nusu nyingine nitapanda nayo meli nimpelekee mkeo, Mama Adela, nimwambie mbele ya wanao kwamba baba yao hakuuza mchezo, na kwamba aliyenyamaza ni mimi.

Pumzika, kapteni wangu. Nikitoka kwa Mama Adela nitapita kaburini kwako, nikuamkie upya.

Masanja