Uzi wa Kijani Ndani ya Koti

Mountain View, Nairobi
Alhamisi jioni

Mpendwa Baba Violet,

Bwana asifiwe. Naomba barua hii ikukute umesimama vizuri, na ule mgongo uwe umekubali kuinama shambani tena. Mama naye kifua kinaendeleaje? Na yule ng'ombe mweusi amezaa, au bado anatuzungusha? Sisi huku tunapumua kwa neema ya Mungu. Mwili wangu ni mzima. Roho ndiyo haijatulia, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Simu yako huongea kwa sauti, Baba Violet, na haya sitaki shemeji ayasikie kutoka zizini kabla wewe hujayasikia. Nitampa barua hii mwanakwaya mwenzangu anayepanda basi ya kesho asubuhi, akuwekee mkononi.

Ni juu ya wale wageni wa posa wa Jumamosi ya wiki ijayo. Huenda wasije. Na wasipokuja, kosa ni langu.

Nilikuambia kwamba Amos, kijana anayetaka kumwoa Violet, angekuja kunisalimu Jumapili. Najua kwetu mama mkwe hakai chumba kimoja na mkwe wake, lakini hapa chumba ni hicho kimoja na pazia katikati, sasa ningejificha wapi? Nikachinja kuku, nikapika chapati, nikamwita jirani yangu Mama Wambui anishike mkono. Violet alikuwa amenieleza kwamba Amos ni fundi wa mabomba ya maji kwenye nyumba za ghorofa kule Parklands. Basi nikawa nangoja fundi. Aliyeingia mlangoni alikuwa na suti ya bluu iliyokoza, utadhani mkubwa wa benki. Hapo hapo nikaanza kujiuliza, fundi wa mabomba na suti kama hii?

Nikampa chai. Mabati yalikuwa yanawaka kwa jua, akavua koti. Nikalipokea nilitundike. Ndipo nikaona, ndani ya mfuko wa kifuani, uzi wa kijani.

Uzi huo ni wangu. Mfuko huo niliushona mwenyewe kibandani kwangu ninaposhonea nguo, na kwa vile uzi wa bluu ulikuwa umeniishia nikatia wa kijani, nikijua ndani hakuna atakayeona. Na aliyeniletea koti hilo namjua. Ni mteja wangu, namwita Bwana Meneja, kijana mtanashati anayepita kila asubuhi akielekea maofisi ya Upper Hill na bahasha kwapani. Hunisalimu kwa kuinama kama mtu aliyelelewa vizuri.

Ningenyamaza, Baba Violet. Ningesema kesho. Lakini unaujua mdomo wangu.

"Kijana," nikamwambia, "hii suti ni ya nani?"

"Ni yangu, mama."

"Yako? Huu mfuko nimeushona kwa mikono yangu. Mwenyewe ni meneja, na anapita hapa kila siku."

Akaangalia sakafu. "Ni yangu, mama. Zaidi ya hapo siwezi kusema."

"Basi utasema zaidi kwa polisi. Mimi sitampa mwizi mtoto wangu."

Mama Wambui naye, badala ya kunizuia, akacheka akisema, "Mama Violet, hebu angalia na viatu, isiwe ni vya pastor!"

Violet akasimama. Hakulia. Alinitazama tu, na ningeomba alie. Amos akavaa koti, akafunga kifungo, akasema, "Asante kwa chai, mama," akaondoka. Kuku hata sahani hakuiona. Violet aliibeba sufuria nzima akawapa majirani, na tangu siku hiyo ananiongelesha kama mpangaji. "Maji yako hapa. Mlango nimefunga." Basi.

Na asubuhi ile ile, kwenye ushirika wa akina mama, ni mimi niliyesoma habari ya Samweli alipokwenda kwa Yese kutafuta mfalme, akavutiwa na wale wavulana warefu, hadi Mungu akamkataza kuangalia umbo la mtu. Nilisoma vizuri, wakaniitikia amina.

Jana Bwana Meneja akaja kibandani, suti ile ile iko kwenye mfuko wa karatasi. Kola ilikuwa imelegea. Nikafurahi, nikamwambia, "Bwana Meneja, kumbe umerudishiwa! Nilimshika mtu nayo Jumapili."

Akauliza mtu gani. Nikamweleza. Akakaa kwenye benchi.

"Mama, mimi si meneja. Mimi naitwa Dan. Sina kazi tangu mwaka jana. Hiyo suti ni ya Amos, aliinunua ya kumzika baba yake. Tunaishi naye chumba kimoja. Mimi ndiye naiazima niende kutafuta kazi huko kwa ofisi."

"Na umeniacha nikuite meneja siku zote hizo?"

"Wewe ndiye uliniita hivyo siku ya kwanza, mama. Nikapenda."

Nikamuuliza kwa nini Amos hakujitetea. Akasema yeye Dan ndiye alimwomba Amos asimwambie mtu yeyote, watu wasijue kwamba hata nguo si zake. Na Amos alimpa neno lake. Ona basi, kijana wa watu amekubali kuitwa mwizi mbele ya mchumba wake ili asimwaibishe rafiki yake.

Leo nimekwenda Parklands nikiwa na nguo zangu za kazini. Soja wa geti aliponiona akasema, "Mama, wa mboga wanapitia nyuma." Sikubishana. Ningebisha kwa uso gani? Nikapitia nyuma. Amos akatoka na gambuti miguuni, suruali imelowa hadi mapajani, spana mkononi. Nilitaka kupiga magoti. Akanidaka kiwiko.

"Hapana, mama, hapa maji ni machafu!"

Tukacheka kidogo, mimi huku nikilia. Akasema yeye amenisamehe, na kwamba Dan ameshamweleza kila kitu. Lakini Jumapili ile, akiwa na uchungu, alipiga simu kwao, na baba yake mdogo, ambaye ndiye amesimama mahali pa baba yake, akasema hatakanyaga boma la watu wanaomwita mtoto wao mwizi. Tangu hapo hapokei simu yake. Bila mzee huyo hakuna mazungumzo, unajua.

Sasa nakuomba, mume wangu, kwa yale yote tuliyopitia. Mzee huyo ndiye mwenye mashine ya kusaga mahindi pale ng'ambo ya mto, mwenye mguu mmoja mgumu. Nenda kwake wewe mwenyewe, usitume mtu. Usinitetee. Mwambie mke wangu ndiye aliyekosea, na amekiri. Ukirudi nipigie, unipe jibu lolote, hata kama ni baya. Kutojua ndiko kunanimaliza. Kila simu ikilia najichoma sindano.

Na wakija, jambo moja. Una tabia ya kumtazama mgeni viatu kabla ya uso. Ni kwako nilijifunza, na wewe ulijifunza kwa marehemu baba. Amos hatakuja na suti. Dan amepata mahali pa kujaribiwa kazi wiki hiyo yote hadi Jumamosi, na Amos amemwachia. Atakuja na sweta yake ya kijivu yenye kiwiko kilichochakaa. Nilitaka kukishona, akasema niache, asije akakaribishwa kwa sababu ya kiwiko.

Nisalimie mama, umwambie dawa ya kifua nimeipata. Msalimie shemeji na mkewe, na mwalimu wetu wa kanisa, umwombe atukumbuke katika maombi bila kutaja sababu. Violet hajasema nikusalimie, ila ameniona naandika, akaniletea kalamu nyingine hii ilipoanza kufifia.

Jogoo mchinje usiwe na shaka. Firigisi, heshima ya mwenye boma, najua ni yako tangu tuoane, na sijawahi kumpa mwingine. Safari hii, nakusihi, mpe yule mzee.

Ni mimi mkeo, ninayengoja,
Mama Violet