Pakua, Mama

Mama yangu,

Asalaam aleikum. Naanza na kifua chako: kimepoa, au ukungu wa Nyeri bado unakikwaruza? Mimi na mtoto ni wazima, alhamdulillahi, ingawa usingizi tumeusahau. Baridi ya huku Uholanzi ni kama ya Timau, ila hakuna jiko la makaa la kuotea.

Lakini moyo haujatulia tangu nijifungue. Nilikutumia picha za mtoto siku ile ile, nikatuma zingine na zingine, na kila nikiangalia naona hujafungua hata moja. Nikikupigia nikuulize kama umemwona somo yako, unasema, "Picha zimefika, ziko salama," halafu unaniuliza kama nimekunywa uji. Nikaanza kuwaza. Labda una kinyongo kwamba sikuja kuzaa nyumbani. Labda hukupenda nimpe jina lako, Zainabu, bila kukuuliza. Nilikuwa nanyonyesha huku machozi yananitoka.

Kazini nako hakuna amani. Unajua kazi yangu ni kuandika yale maneno ya Kiswahili yanayotokea kwenye simu na kompyuta. Sasa tunagombania neno moja, lile unalobonyeza ili picha itoke mtandaoni iingie kwa simu yako. Mwenzangu, Bwana Khamisi wa Unguja, anataka liandikwe pakuwa, ati ndivyo linavyosikika mdomoni. Mimi nimeshikilia pakua. Akaniambia sisi watu wa bara tunaosema "tarakirishi" badala ya tarakilishi tusimfundishe mtu herufi. Nikamjibu kwamba wengine wanaandika komputa, wengine kompyuta, na hakuna aliyekufa. Tulishikana mashati hivyo mpaka mkubwa wetu, ambaye kwa Kiswahili hajui hata kuomba maji, akatuomba tumalizane. Hatujamalizana.

Ndipo mdogo wangu Aisha akanipigia. Alikuwa amefunga kibanda chake cha mitumba pale Chaka akaja kukuona, akakukuta unapakulia wateja pilau. Alipochukua simu yako akaona picha zangu zote zina ukungu, na chini ya kila moja imeandikwa Pakua. Akakuuliza mbona hubonyezi. Aliniambia ulivyomjibu, mwiko ukiwa mkononi:

"Nikipakua mimi, dada yako atabaki na nini? Ako peke yake huko na mtoto mchanga. Wacha zikae kwa sufuria yake."

Aisha alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilimlaza mtoto, nikaingia bafuni nikalia, ila hiki kilikuwa kilio kingine. Kumbe hukuwa umekasirika, Mama. Ulikuwa unanibakishia. Na mimi siku zote hizo nagombana na mtu kwa sababu ya herufi w.

Kwenye simu ungenikatiza kwa dua, ndiyo maana nimeandika, na barua hii nitampa msichana wa Gatitu anayekuja huko likizo. Nisikilize basi. Sufuria hii ya mtandao si kama yako. Ukipakua, kwangu haipungui hata punje. Apakue Aisha pia, apakue mjomba fundi cherehani wa pale karibu na msikiti, apakue na yule jirani wako wa mboga, na bado zitabaki kama zilivyokuwa. Nisalimie hao wote. Mjomba mwambie ile shuka aliyonishonea ndiyo tunayombebea mtoto.

Ana paji lako la uso. Akionja maziwa anakunja midomo vile unavyofanya ukionja chumvi. Sitaki kukueleza yote, nataka umwone mwenyewe, na nitakuwa na simu mkononi nikingoja.

Mimi nimeshashiba, Mama. Pakua.

Binti yako, ambaye sasa anaitwa Mama Zainabu,
Rehema