Ndege Imepatikana

Ijumaa, 4 Aprili 2014
Okello amepiga honi alfajiri kama kawaida. Pikapu ni ya kazini kwake, mdosi hajui, au anajifanya hajui. Mwanaidi na mahamri yake ya iliki. Mimi na thamosi ya chai. Ijumaa zetu ndizo hizi, kuangalia ndege.

Tumetembea chini ya mikunazi kando ya lile shamba nje ya mji, halafu tukatokea kule kwenye mawe na vichaka. Hudihudi mbili. Keremkerem kundi zima. Okello anasema ndege hizi zinatoka kwetu, hapa Doha zinapumzika tu, zinaenda Ulaya kuzaa. Haziombi mtu kibali. Ile ya bluu yenye mgongo wa kahawia, iliyokuwa ikikaa kwenye nyaya za stima kule kwetu Bungoma, bado sijaiona. Naitafuta tangu mwaka jana.

Nikapiga kelele, "Oneni, ndege inaruka!" Mwanaidi alicheka mpaka akakaa chini. Yeye ni wa Kwale, Kiswahili ni chake. "Dada Nelima jamani! Ndege wa manyoya anaruka. Inayoruka ni ya abiria." Nikamwambia sisi wa bara tunaongea tu, mradi tusikizane. Kila Ijumaa ananisahihisha, kila Ijumaa nasahau.

Tukirudi Mwanaidi akaacha kunisahihisha. Kumbe babake amelazwa, ini. Anataka kwenda kumwona. Likizo, tiketi na kibali cha kutoka nchini, vyote viko kwa mudiri wetu, meneja wa kampuni ya usafi, na mimi ndiye karani ninayekaa mlangoni pake. Hata pasipoti yake na za wasafishaji wenzake ziko kwenye kabati nyuma ya kiti changu. Nikamwambia asijali, Jumapili naingia kwa mudiri. Ndege ikipatikana nitakwambia siku hiyo hiyo.

Jumapili, 6 Aprili
Mudiri amekuja amefura. Basi la wafanyakazi liliharibikia njiani, hoteli imelalamika. Sikumwambia. Kesho.

Jumatatu, 7 Aprili
Sikumwambia. Alikuwa na wageni, halafu akawa hana wageni, nikajipa kazi ya kupanga faili zilizokuwa zimepangwa. Mwanaidi ameuliza kwa meseji kama nimeongea. Nimejibu, "Inashughulikiwa."

Inashughulikiwa na nani, Nelima? Mwongo wewe.

Jumatano, 9 Aprili
Mudiri amesafiri, anarudi Jumapili. Niliposikia, nilifurahi. Naandika hivyo hivyo kwa sababu hapa hakuna wa kumdanganya. Mtu ana baba hospitalini, nami nafurahi kwamba siwezi tena kuulizwa kwa nini sijaingia mlango ule. Mwanaidi amepiga simu. Niliiangalia mpaka ikanyamaza.

Alhamisi, 10 Aprili
Okello kanipigia leo akiwa barabarani kikazi. Ameiona! Ya bluu, kwenye waya wa stima, karibu na lile shamba letu la Ijumaa. Nimeruka pale ofisini kama mtoto. Nikamtumia Mwanaidi meseji haraka haraka: "Ndege imepatikana! Kesho alfajiri Okello anatupitia. Usichelewe."

Mwanaidi kajibu: "Alhamdulillahi. Mungu akulipe dada yangu. Nimelia." Nikacheka. Sikujua naye aliitaka hivyo.

Ijumaa, 11 Aprili
Sijui nianzie wapi.

Alitoka kwenye geti la makazi yao na sanduku. Buibui jipya, udi, viatu vya kutokea. Nikamwangalia Okello, Okello akaniangalia. Akashuka, akalipakia sanduku. Mimi nikasogea ampishe. Mwanaidi akakaa kati yetu, anaongea bila kupumua. Kamnunulia mzee blanketi. Kapiga simu kwao usiku, babake ameambiwa, watampokea Mombasa. Sikumwambia. Akageuka kwangu, uso umejaa furaha: "Pasipoti yangu umeibeba, dada?"

Mkobani nilikuwa na darubini.

Nikamwambia ni ndege. Ndege wa kuangalia. Ya bluu. Akatoa simu yake, akasema taratibu, kama anayesoma, "Lakini uliandika imepatikana." Akasema angalau mara hii alidhani nimeandika sawa.

Ningeweza kuishia hapo. Ningesingizia Kiswahili changu kibovu, tukalia wote, yakaisha. Lakini akauliza: kwa hiyo mudiri amekataa? Nikasema hajakataa. Sijamwomba. Sijaingia hata siku moja.

Okello alisimamisha gari kando ya barabara. Ile ya bluu ilikuwa hapo mbele, kwenye waya, jua limeipiga. Hakuna aliyeinua darubini. Mwanaidi aliwapigia kwao akawaambia haji. Aliongea Kidigo, sikuelewa ila neno moja, ndege, alilisema mara nyingi. Kisha akamwomba Okello amrudishe. Mimi hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 13 Aprili
Nimeingia kabla mudiri hajanywa kahawa yake. Nikasema yote kwa pumzi moja. Akasema baba ni baba, lete karatasi. Akatia sahihi huku akiongea na simu. Akaniuliza kwa nini sikumwambia kabla hajasafiri.

Ni hayo tu niliyokuwa nikiyaogopa. Nimeenda chooni nikalia kwa hasira, nikijikasirikia mwenyewe. Tiketi ni ya kesho usiku. Nimempelekea pasipoti mwenyewe. Alipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, hakuniita dada.

Jumatano, 16 Aprili
Meseji kutoka Kwale. Babake alifariki Jumatatu mchana, wakazika jioni. Mwanaidi alikuwa bado hapa Doha, anafunga sanduku mara ya pili.

Ameandika bila ukali. Shangazi yake amemsimulia. Tangu walipomwambia mzee kwamba binti yuko njiani, hata walipokuja kumwambia haji tena, hakusikia. Kila ndege ya watalii iliyopita juu ya paa ikielekea Ukunda, aliinua kidole: hiyo, mwanangu yumo.

Nimeandika pole. Nimefuta. Nimeandika nisamehe, nikaona nitampa tena kazi, ya kunisamehe. Nimerudisha pole.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili
Okello hakupiga honi. Nilikuwa macho hata hivyo.

Hapa mtaani kwetu Thumama, karibu na uwanja, ndege za abiria zinapita chini sana, mpaka madirisha yanalia. Kila ikipita nainua macho, siwezi kujizuia. Nimetoka barazani na chai. Kuna hudihudi kwenye ukuta wa jirani, kishungi kimesimama. Peke yake. Anadonoa nyufa, ananiangalia, anadonoa. Amekaa pale mpaka chai imepoa.

Halafu ameruka.