Maelezo ya Bibi Pasi Kuhusu Gari Lililokosa Pumzi Relini

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Anajulikana kama Bibi Pasi
Umri: Hajui mwaka aliozaliwa, anakadiria miaka sabini na ushei
Kazi: Mpiga pasi, nyumba ya dobi
Makazi: Chumba cha mwisho, nyumba za nyuma ya karakana ya mbao
Yameandikwa kituoni tarehe 18 mwezi wa tatu, saa tatu asubuhi

Andika kwanza kwamba mmechelewa. Siku nne nimekaa mlangoni pangu nikingoja askari aje kuniuliza, hakuja mtu. Mlinzi wa kivuko mmemhoji, fundi mmemhoji, mwenye gari mmemhoji, hata muuza maji aliyekuwa ng'ambo ya reli mmemhoji. Mimi niliyekuwa ndani ya gari lenyewe mmenipita kama kiti kibovu. Jana nilikuja hapa kwa miguu yangu, nikaambiwa, "Bibi, nenda kapumzike." Nimepumzika vya kutosha. Atakayeniambia tena nipumzike aje na sanda kabisa.

Mwanangu wa kumzaa mmemfungia nyuma ya ukuta huu, mkisema alilazimisha kupita relini kengele ikilia. Hakulazimisha. Gari lilikosa nguvu, na aliyelinyima nguvu ni mimi. Ukinikodolea macho hivyo hutaandika. Andika.

Mwanangu ni dereva wa gari la dobi, lile jeupe lenye mlango wa pembeni wa kusukuma. Ni gari la zamani, injini yake iko chini ya viti vya mbele, na kiti cha abiria ni changu. Kila siku saa nne asubuhi tunapeleka mashuka kwenye nyumba za wageni. Yeye anaendesha, mimi nahesabu mafurushi, maana yeye akihesabu anaota.

Mnamo mwezi wa kwanza mwenye gari aliagiza chujio la hewa libadilishwe, likabadilishwa. Tangu siku hiyo joto lilinipanda mapajani kuliko zamani, na chini ya kiti kukawa na mvumo, fuuu, kama mtu anayekunywa uji wa moto. Nilimwambia mwanangu, "Hiki kiti kitanikaanga." Akasema, "Vumilia mama, ni injini hiyo." Mimi si mtu wa kuvumilia kukaangwa. Siku moja pale nyumba ya dobi alikuwa ameshawasha injini na kunifungulia mlango, akaingia ndani kupokea karatasi ya mashuka. Nikainua kiti kwa mkono wangu, nikaona bomba lenye mdomo mpana kama kikombe. Mvumo ulitoka hapo. Nikachukua kipande cha blanketi ninalotandika mezani nikipiga pasi, nikakisokomeza mdomoni mwa bomba, kilichobaki nikakitandaza juu ya injini. Nikarudisha kiti, nikakaa. Pakawa kimya. Nilijiona mjanja.

Baada ya hapo gari lilianza uvivu. Likiwashwa linawaka vizuri, likisimama linanguruma vizuri, lakini ukikanyaga mafuta halitoki. Kilima cha soko tulikuwa tunakipanda tukiimba. Sasa watembea kwa miguu wanatupita na kutupungia mkono. Muuza mkaa mmoja alituambia, "Mama, shuka tu, utafika kabla yake."

Mwanangu alilipeleka gereji mara tatu, na mara zote nilikuwepo. Mara ya kwanza fundi alibadilisha plagi. Mara ya pili alibadilisha chujio la petroli, akapima nguvu ya pampu, akasema pampu ni nzima. Mara ya tatu ilikuwa tarehe 12. Alifungua nozeli zinazonyunyizia petroli akazisafisha, kisha akachomeka kile kikompyuta chake, kikasema hakina kosa la kuonyesha. Alikuna kichwa, akamuuliza mwanangu, "Upande wa hewa je?" Mwanangu akajibu, "Chujio jipya hilo, la juzi juzi." Fundi alikuja mpaka dirishani kwangu, akaangalia kiti, akaniangalia mimi.

Nilimuuliza, "Nishuke?"

Akasema, "Ah, bibi, kaa tu. Sitakusumbua na hayo magoti."

Nikakaa. Magoti yalikuwa yananiuma kweli, na nilifurahi kuheshimiwa. Basi heshima ile ndiyo iliyotuponza. Kijana alikuwa na spana mkononi na jibu chini ya makalio yangu, akaona haya kuniambia niinuke. Na mimi kichwani mwangu blanketi ni blanketi, gari ni gari. Sikuviweka pamoja.

Mnamo tarehe 14, saa nne na robo asubuhi, tulifika kivuko cha reli tukiwa na mafurushi kumi na nane. Kizuizi kilikuwa juu. Kengele ilikuwa kimya, na hilo nitalisema hata mbele ya Mungu. Mlinzi alikuwa mlangoni mwa kibanda chake, ametupa mgongo, anamimina chai. Mwanangu aliingia. Reli ile iko juu ya tuta, lazima gari livute. Likapanda nusu, magurudumu ya mbele yakavuka, kisha likaanza kutambaa. Ndipo kengele ikalia. Kizuizi cha mbele kikashuka, cha nyuma kikashuka, sisi katikati kama panya kwenye mtego.

Mwanangu alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Kadiri alivyokanyaga ndivyo gari lilivyojikaba. Nikasikia chini yangu ule mvumo uliokuwa umepotea, safari hii mwembamba, kama mtu aliyezibwa mdomo kwa kitambaa anayetafuta pumzi. Nilijua palepale. Likazimika.

Mlango wangu haufunguki kwa ndani. Kishikio kilikatika mwaka jana, mwanangu ndiye hunifungulia. Aliruka akazunguka, lakini mlango ulikuwa umebanana na nguzo ya chuma iliyo kando ya kivuko, haukuachia hata upana wa kiganja. Alinitazama kupitia kioo. Sijawahi kuona uso wake vile tangu alipokuwa mdogo akaungua na pasi yangu. Nikamwambia, "Nenda zako, mimi nimeshakula chumvi." Akanitukana. Ndiyo, alinitukana mimi mama yake, na nimemsamehe.

Alirudi kwa mlango wake akanishika mikono, na mlinzi naye akaja mbio akanishika kiuno. Walinivuta juu ya gia kama furushi la kumi na tisa. Miguu yangu ilikuwa ndiyo kwanza inagusa chini treni ilipofika. Ilikuwa imekwisha kupunguza mwendo, ikapiga kona ya nyuma tu, gari likazunguka na kumgonga mlinzi mkono. Mkono ule umevunjika kwa ajili ya kiuno changu, kwa hiyo simwiti mwongo. Alipogeuka kengele ikilia alitukuta relini, akadhani tumeiba njia. Lakini hakuona tulivyoingia. Mimi niliona.

Siku ile ya kwanza nilinyamaza. Niliogopa, andika hivyo hivyo. Niliona nikisema, mwanangu atajua kwamba ni mama yake aliyetaka kumuua kwa blanketi. Tangu siku ya pili nimetaka kusema, sikumpata wa kunisikiliza.

Gari liko uani kwenu hapo. Inueni kiti cha abiria. Msiniamini mimi, liaminini blanketi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa yote, sijapunguza la kwangu wala kuongeza la mwenzangu.

Alama ya shahidi: (dole gumba la kulia)

Maelezo ya askari mwandishi: Nimemsomea shahidi maelezo haya, ameyakubali. Saa tano kasoro robo nilikwenda uani pamoja na shahidi na fundi. Kiti kilipoinuliwa, kipande cha blanketi la kijivu chenye alama ya kuungua na pasi kilikutwa kimevutwa ndani ya bomba la hewa, urefu wa mkono mmoja. Kilipotolewa, fundi aliwasha injini na kukanyaga mafuta. Iliitika mara moja. Fundi alikaa chini. Kielelezo kimeambatanishwa, na jalada limepelekwa kwa mkuu wa kituo. Dereva bado yuko mahabusu. Amesikia injini kupitia dirishani, akauliza ni nani aliyeitengeneza.

Shahidi ameomba haya yaongezwe, nami nimeyaongeza kwa maneno yake: "Siku utakayonirudishia mwanangu, mlete mwenyewe mpaka mlangoni. Na ukinikuta nimekalia kitu unachokitafuta, usinionee haya. Sema, 'Bibi, simama.' Nitasimama."